Mama Mkwe Ameipa Televisheni Mgongo

Jumatatu

Mama mkwe ametoka hospitali leo saa nne asubuhi. Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wa jicho, la kushoto linasubiri zamu yake. Muuguzi alitupa masharti tukiwa tumesimama mlangoni: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asilifikiche jicho, matone mara nne kwa siku, ajiepushe na vumbi na mwanga mkali. Tulipofika nyumbani Tabata mama akaongeza sharti lake mwenyewe, kwamba haruhusiwi kutazama televisheni. Mke wangu akasema muuguzi hakutaja televisheni. Mama akasema yule ni mtoto mdogo, hawezi kukumbuka kila kitu.

Sebuleni kwetu makochi yote yanaelekea televisheni. Ukikaa, umetazama. Tukaamua kuligeuza lile la watu wawili. Sasa mama anakaa ameipa televisheni mgongo, miwani nyeusi usoni, anatutazama sisi tunaoitazama. Katika kugeuza, mguu mmoja wa kochi ulibaki sakafuni. Nimeweka vigae viwili vya sampuli kutoka dukani ninakofanyia hesabu. Kimoja kimepasuka. Nimeweka kingine.

Jioni king'amuzi kikaandika kwamba kifurushi kimeisha. Nikalipia kwa simu, ujumbe ukaja kunishukuru, kioo kikabaki vilevile. Namba iliyohifadhiwa kwenye simu yangu ni ya king'amuzi cha zamani, tulichompa shemeji wa Mbagala. Shemeji naye amepiga kushukuru. Amesema picha imetulia sana.

Jumanne

Mwanetu Shafii amefukua deki ya zamani juu ya kabati, pamoja na boksi la CD. Ya kwanza kutoka ni Osuofia in London, sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza haimo katika nyumba hii na haijawahi kuwemo. Hii niliinunua Kariakoo kwa mtu aliyeniapia kwamba ya kwanza ataileta kesho yake. Filamu za Kinigeria wakati ule ziliuzwa hivyo, nusu nusu, na wauzaji walijua vizuri ni nusu ipi inayokosekana mjini.

Mama akaomba aelezwe kinachoendelea nyuma yake. Mke wangu akaanza, lakini mke wangu husimulia filamu kuanzia mwisho, kisha hukasirika ukimwuliza ilifikaje huko. Nasra, yuko kidato cha pili, husimulia nguo walizovaa. Shafii hucheka kwanza, kisha husahau alichokuwa anacheka. Nikabaki mimi.

"Baba Nasra," mama akasema, "hebu nisimulie wewe. Hawa wananichosha."

Nikamweleza kwamba Osuofia, yule Nkem Owoh, ni mwanakijiji aliyerithi mali ya kaka yake huko London, na sasa amerudi kwao Nigeria na mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mchumba wa marehemu. Mama akauliza eda ilikwishaje. Nikasema walikuwa hawajaoana. Akauliza, basi huyo mwanamke anadai nini? Nikasema hilo limo sehemu ya kwanza.

Saa tatu kasoro umeme ukakatika. LUKU ilikuwa inalia tangu asubuhi, kila mmoja akidhani ni simu ya mwenzake. Nikanunua uniti, nikamwachia Nasra simu anisomee tokeni huku mimi nikibonyeza mita gizani. Tarakimu ni 20. Tulipofika ya 17 simu ikazima kwa kukosa chaji. Nilipoanza kufuta nirudie upya mama akaniita kutoka ndani, akazitaja zote 17 kwa mpangilio, maana alikuwa anazisikiliza. Tatu zilizobaki tulizisubiri hadi simu ilipopata moto kwa jirani. Wakati huo mita nayo ilikuwa imechoka kusubiri, ikataka tuanze mwanzo.

Jumatano

Deki imekataa kutoa CD. Fundi amekuja, ameifungua kwa bisibisi ya kuazima, akatoa ndani yake sarafu ya shilingi hamsini, betri ya saa, na jino la Shafii la utotoni, lile tulilomwambia tumelirusha juu ya bati. Shafii ameliangalia muda mrefu bila kusema neno. Fundi ameondoka na deki, na CD iliyomo, na bisibisi.

Usiku hapakuwa na picha ya kusimulia. Mama akasema hilo si neno, kwani hata ikiwepo yeye haioni, nimsimulie yoyote ninayoikumbuka. Iliyonijia ni Baby's Day Out.

Ni filamu ya Marekani ya 1994. Wezi watatu wanamwiba mtoto mchanga wa matajiri. Mtoto anawatoroka kwa kutambaa. Anatambaa Chicago nzima, anaingia kwenye banda la sokwe, anapanda jengo linalojengwa, na wezi wanamfuata nyuma wakiungua, wakidondoka na kuvunjika. Basi, ndiyo hiyo. Kwao Marekani haikupata watu. Kwa Wahindi ilipendwa mpaka Watelugu wakatengeneza ya kwao mwaka uliofuata, wakaiita Sisindri. Nikamwambia mama kwamba yule mtoto waliigiza mapacha wawili. Akasema afadhali, mmoja akichoka yupo mwingine.

Niliiona Morogoro nikiwa shule ya msingi, kwa jirani, mwenye televisheni pekee ya mtaa wetu. Masharti yake yalikuwa kunawa miguu, kukaa mkekani, kutoegemea ukuta, na kutoka nje mwenye nyumba akianza kula. Siku hiyo hakula mapema. Mtoto wa kwenye filamu alikuwa juu kabisa ghorofani, anatambaa kwenye chuma, wakati mama yangu mzazi aliposimama mlangoni akauliza, "Yuko wapi Mwanaidi?" Mwanaidi ni mdogo wangu, alikuwa ndio kwanza anatambaa, na jioni ile nilikabidhiwa mimi. Hakuna aliyegeuka. Mama akauliza tena. Mwenye nyumba, macho kwenye kioo, akamjibu kwamba yuko juu ya ghorofa lakini hatadondoka.

Mwanaidi alipatikana uvunguni mwa kitanda cha mwenye nyumba, amelala, amekumbatia kiatu cha huyo bwana. Mama akanichapa kwa cha pili.

"Na mwisho wa filamu?" mama mkwe akauliza.

Nikasema nadhani alirudi kwao. Ukweli, mwisho wake siukumbuki. Naukumbuka mkeka, ulikuwa na mistari ya zambarau na umefumuka pembeni upande wa mlangoni. Naikumbuka harufu ya dagaa wa mwenye nyumba waliokuwa wanamsubiri. Neria, ile ya Zimbabwe ya mjane anayeporwa mali na shemeji yake, nimeitazama mara moja tu na ningeweza kumsimulia mama hatua kwa hatua mpaka mahakamani. Lakini niulize niliitazamia wapi, na nani alikuwa pembeni yangu, na tulikula nini siku hiyo, sijui. Filamu nzuri inakuchukua mzima mzima. Hizi za hivi hivi hazina nguvu hiyo. Zinakuacha ulipo, nusu unatazama na nusu unaona nani anasinzia, nani kavua kofia, nani hajarudisha bakuli, na miaka ikipita vitu hivyo vyote unavikuta vimegandia humo. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za utoto wangu mimi namtajia komedi, tena mbovu.

Nilitaka kumweleza mama hayo. Alikuwa ameshalala, au nadhani, maana kwa miwani ile huwezi kujua.

Alhamisi

Nimepeleka flashi kwa kijana wa kibanda cha muvi karibu na kituo cha daladala. Nikamwomba vichekesho visafi, vya kutazama na wakwe. Akaniangalia, akasema, "Za wakwe zipo, mzee." Akanijazia.

Nyumbani nyingi hazikufunguka. Iliyofunguka imeandikwa Mr. Bean. Nikamwandaa mama kabisa, nikamwambia hii ni ya bwana mmoja wa Kiingereza, hasemi neno, kwa hiyo nitakuwa na kazi kubwa ya kusimulia. Filamu ikaanza, wakaanza kusema wote kwa pamoja.

"Mbona wanasema?"

"Si yeye, mama. Ni wengine."

"Akina nani?"

"Askari kanzu wawili. Weusi, ndugu wa baba mmoja. Wamejigeuza wasichana wa Kizungu."

"Kwa nini?"

"Kikazi."

Mama akafikiri kidogo. "Na mama yao anajua?"

Ilikuwa White Chicks. Lazima nieleze hapa kwamba kazi ya kusimulia filamu naiheshimu. Nilipohamia Dar es Salaam nikiwa kijana nilikuwa mteja wa kibanda umiza Manzese, mabenchi ya mbao, mapazia ya magunia, televisheni moja na feni inayozunguka ikitaka. Enzi hizo jina kubwa mjini lilikuwa Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, aliyekuwa akizitafsiri filamu za nje kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji. Wa kibanda chetu hakuwa Lufufu. Alikuwa kijana mwembamba anayekaa kwenye ndoo na kipaza sauti, Kiingereza chake kikiishia darasa la saba, na hilo halikumzuia kitu. Siku ya Police Academy, ile ya kwanza ya 1984, aliwapa makuruta wote majina ya wateja waliokuwa na madeni pale kibandani, tukawa tunawacheka jirani zetu wakisukumwa na kufokewa na sajenti. Yumo mle Michael Winslow, anayetoa kwa mdomo milio ya bunduki na ya mashine. Hapo palikuwa hapahitaji tafsiri. Kijana wetu hakukubali kushindwa. Akatoa milio yake juu ya ile, ikawa vita.

Miaka baadaye niliitazama filamu hiyo peke yangu, Kiingereza kitupu. Ni ya kawaida sana. Hakuna hata mmoja mle anayedaiwa chapati.

Kwa hiyo leo nilijua la kufanya, kubadilisha. Kati ya mtu na mama mkwe wake, tena mama mkwe wa Tanga, kuna mambo hayapiti hata kwa mafumbo, na White Chicks imejaa hayo mambo. Nilichosahau ni kwamba yeye hasikilizi mimi tu. Anatazama nyuso. Niliweza kubadilisha maneno, sikuweza kubadilisha nyuso za watoto.

"Mbona mmenyamaza?"

"Wako hotelini, mama, wanakula. Yule mchezaji wa kikapu amempenda mmoja wa hao wasichana bandia, amemtoa chakula cha usiku."

"Wanakula nini mpaka Shafii kajificha nyuma ya mto?"

"Chakula cha kawaida."

"Na mwenzako kwa nini ameenda jikoni?"

Mke wangu alikuwa ameenda jikoni. Nikasema ameenda kuangalia maji. Mama akageuza miwani yake polepole kunielekea mimi, akasema, "Huyo mchezaji ataambiwa lini?" Nikasema mwishoni. Akasema angekuwa mwanawe angeambiwa mapema, gharama za hoteli zisingefika huko.

Nasra alikuwa anasoma kwenye simu. Akatuambia Marekani kuna tuzo za filamu mbovu, Golden Raspberry, zimekuwepo tangu 1981, na kwamba White Chicks, ya 2004, iliwania mpaka ile ya filamu mbovu ya mwaka, lakini Catwoman ikaipiku.

"Kwa hiyo hata ubovu imeshindwa," mama akasema.

Nasra akaendelea. Norbit, ya 2007, ilimpa Eddie Murphy tuzo tatu za ubovu peke yake, maana aliigiza watu watatu, na filamu hiyohiyo iliteuliwa kuwania Oscar kwa jinsi waigizaji walivyopambwa sura.

"Walimpamba vizuri, yeye akaharibu," mama akasema. "Hata harusini hutokea."

Ijumaa

Kliniki. Daktari amelimulika jicho, ameridhika. Mke wangu akauliza habari ya televisheni. Daktari akasema haina shida, tangu siku ya kwanza haikuwa na shida, asikae karibu mno tu. Mama aliitikia kwa adabu zote, akamshukuru. Kwenye bajaji akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemwona? Mwenyewe kavaa miwani."

Mke wangu alishuka njiani kwenda kazini. Mimi na mama tukaendelea, na bajaji ikaishiwa mafuta kabla ya Tabata. Dereva akachukua chupa, akatuacha humo ndani. Jua lilikuwa kali na mimi sina la kusema. Mama akaanza mwenyewe, akiangalia barabara.

Tanga, miaka ya 1970, sinema ya Majestic. Kulikuwa na siku za wanawake watupu, alasiri, mabuibui mpaka mlangoni. Alikwenda na binamu zake kutazama Bombay to Goa, filamu ya Kihindi ya 1972, ya vichekesho. Nikamwambia naijua, Mehmood ndiye konda wa basi, na Amitabh Bachchan yumo bado kijana, kabla hajawa Amitabh. Akasema ndiyo, huyohuyo mrefu. Nikauliza ilikuwaje.

"Basi linakwenda Goa."

Nikasubiri. Hakukuwa na zaidi. Alichokumbuka ni kwamba aliyekaa nyuma yake alikuwa anatafuna korosho na kumdondoshea maganda ya ndani mabegani, na kwamba wakati wa mapumziko kanda ya ndara yake ilikatika. Filamu iliyobaki aliitazama mguu mmoja ukiwa juu ya mwingine, asikanyage sakafu. Fundi viatu aliyekuwa anakaa nje ya sinema siku hiyo hakuwepo. Alikuwepo mdogo wake, anamshikia nafasi, hajui kushona hata kifungo. Akasema anajua. Akashona. Ndara ikakatika tena kabla hajafika Ngamiani. Kesho yake akairudisha kulalamika. Akaishona tena. Ikakatika tena.

"Nilirudi nikilalamika mpaka ikaletwa barua," mama akasema.

Huyo ndiye baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nimekuwa katika familia hii muda mrefu na nilikuwa naambiwa walikutana kwenye maulidi.

Dereva akarudi na mafuta. Ufunguo alikuwa ameuacha kituo cha mafuta.

Jumamosi

Shangazi wa mke wangu amekuja na wenzake kumjulia hali mgonjwa. Wameingia wakakuta makochi yanatazamana, wakadhani kuna kikao cha ukoo, wakakaa kimya wakisubiri kiongozwe. Mimi nikadhani wanasubiri chai. Ilichukua muda. Baadaye shangazi akajisogeza kumpisha mwenzake, akakalia miwani nyeusi ya mama, iliyokuwa imewekwa hapo wakati wa matone. Anasema alisikia kitu kinavunjika ila alijua ni lile kochi.

Shafii amemtolea bibi yake miwani ya jua ya kike ya Nasra, yenye nyota pembeni. Mama ameivaa. Hakuna aliyethubutu kusema lolote, na ndivyo alivyopokea wageni mpaka magharibi.

Nasra akaweka ya King Majuto, ili wageni wasichoke. Majuto, Amri Athumani kwa jina la nyumbani, alifariki Agosti 2018, na kwa watu wa Tanga bado ni kama ametoka kidogo tu atarudi. Wageni wote wakawa wanamjua binafsi. Mmoja alinunua naye samaki.

Filamu za Majuto mimi nazijua zote mpaka Muheza. Nilizitazamia kwenye mabasi ya Dar kwenda Tanga, enzi za uchumba. Konda huiwasha akishamaliza mambo ya tiketi, Chalinze au mbele kidogo. Kabuku mambo yanakuwa yamechachamaa, mzee kagundua, kijana kakimbia, mke kashika mwiko. Segera basi linasimama, watu wananunua machungwa. Muheza abiria wanaanza kusimama kutafuta mizigo yao, na konda anazima. Wala filamu haikatishwi kwa ubaya, imefika tu. Sijawahi kuona hata moja ikiisha. Sidhani kama konda naye aliwahi.

Barua yangu ya posa ilisafiri kwa njia hiyo. Mshenga alikuwa mjomba wangu kutoka Morogoro, mtu mzito, msomaji wa magazeti, aliyechaguliwa kwa sababu hacheki. Hakuwahi kumwona Majuto. Tangu Chalinze alicheka machozi yakamtoka, akawa anampigapiga abiria wa pembeni asiyemjua. Segera akanunua machungwa, na karibu na Muheza, Majuto akifanya jambo ambalo mjomba hakuweza kunieleza mpaka leo, chungwa likaminyikia mfuko wa koti. Barua ilikuwa mfuko huohuo. Ilifika kwa wakwe ya manjano, na wino umetanuka kwenye jina langu. Mjomba aliikabidhi bila kusema kitu, na wao wakaipokea bila kusema kitu.

Leo nimemwuliza mama waliichukuliaje. Amesema walidhani ndiyo desturi ya Morogoro.

Kuna safari nyingine kwenye barabara hiyo siipendi kuisimulia, na leo imejisimulia. Kijana aliyekuwa akiigiza na Majuto mara nyingi, Hussein Mkiety, Sharo Milionea, alikufa kwa ajali ya gari Muheza Novemba 26, 2012, akielekea kwao. Baada ya msiba huo nilipanda basi kwenda kumsalimia mama, na konda akaweka CD bila kuangalia kasha. Akatokea Sharo, na mwendo wake ule wa maringo. Hakuna aliyesema zima, na hakuna aliyecheka. Majuto alikuwa anachekesha kwa nguvu zake zote kwenye kioo kidogo juu ya kichwa cha dereva, na basi zima likatazama mkonge nje. Safari hiyo konda alizima kabla ya Muheza.

Leo sebuleni wageni walikuwa wanacheka, kisha wakapunguza wote kwa pamoja. Mama alikuwa anatutazama kwa miwani yake ya nyota.

"Ameingia Sharo?" akauliza.

Nikasema ndiyo, mama.

"Nisimulie alivyovaa."

Hilo nikamwachia Nasra.

Jumapili

Fundi wa deki hapokei simu. Jirani amekuja kuulizia bisibisi yake.

Jumatano, baada ya wiki kadhaa

Jicho limepona vizuri. Mama amesafiri leo kwenda Tanga kupumzika, atarudi kwa ajili ya la kushoto. Nimemfikisha kituo cha Magufuli, Mbezi, nimempandisha, nimemwombea kiti cha katikati asipate vumbi wala mwanga. Nilipokuwa nateremka basi likaondoka. Nimeshuka Kibaha, nikapanda daladala kurudi.

Saa nane mchana akapiga.

"Baba Nasra, konda kazima."

"Mmefika wapi, mama?"

"Muheza. Sasa yule mzee alipata shamba lake?"

Nikamwuliza ni filamu gani. Jina halijui, hakuitazama. Aliifumbia macho, na abiria wa kiti cha pili akawa anamsimulia, kijana mzuri tu, lakini ameshuka Segera na toka hapo amekuwa akisikiliza makelele matupu. Anachojua ni kwamba ni ya vichekesho, ya hapahapa nchini, na mzee anagombania shamba na mkwewe.

Nilikuwa kazini, mbele yangu kuna mteja anahesabu boksi za vigae. Nikasema, "Alilipata, mama."

"Kwa mahakama?"

"Walipatana. Mkwe aliomba radhi mbele ya wazee."

"Na yule mke mdogo aliyewagombanisha?"

"Alirudi kwao."

"Alijuta?"

"Kidogo."

Akaridhika, akakata. Mteja akaniuliza ni shamba la wapi.

Usiku amepiga tena, yuko nyumbani, nyuma yake nasikia watu wengi na vikombe. Ameshawasimulia filamu yote, mwanzo ule wa kijana wa Segera na mwisho ule wa kwangu, na wameipenda. Wanachotaka kujua ni kimoja tu, nani alimchukua mbuzi.

Mimi sikutaja mbuzi. Nimewaambia wanipe mpaka kesho.